Kuanzisha Huduma ya Kupanga Uzazi Katika Kliniki au Kemisti ya Mtaani Mombasa: Mwongozo Kamili

Malalamiko ni yale yale, awe mwenye kliniki yuko Mishomoroni, Mtongwe au Magongo. Amepaka ukuta rangi, ametundika bango, amejaza kabati vidonge na sindano. Mwezi wa kwanza wanawake wanakuja. Ikifika tarehe ya sindano ya pili, miezi mitatu baadaye, benchi ni tupu. Basi anakata shauri kwamba watu wa Pwani hawataki kupanga uzazi, anarudi kutibu homa na malaria.

Si kwamba hawataki. Mmoja amekwenda kupanga foleni hospitali ya serikali, wa pili ananunua P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, kila baada ya wikendi, na wa tatu ameacha kwa sababu alitokwa na damu wiki tatu na hakuna aliyemwambia mapema kuwa itakuwa hivyo. Kosa huwa kwenye mpangilio: tangazo limetangulia, huduma ikafuata, na namna ya kumrudisha mteja haikufikiriwa kabisa. Hapa tangazo litakuja karibu na mwisho. Usiliruke kulifikia.

Mwongozo huu ni wa kliniki ndogo yenye muuguzi au afisa wa kliniki. Mwenye kemisti asome pia. Panapomhusu yeye pamesemwa.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Karatasi. Leseni ya kituo kutoka KMPDC (Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Kenya), au ya Bodi ya Famasi na Sumu ikiwa ni kemisti. Leseni ya mwaka huu ya kila mhudumu kutoka baraza lake. Namba ya kituo chako katika orodha kuu ya vituo vya afya nchini.

Chumba. Mlango unaofungika, pazia, kitanda cha kupimia, taa nzuri, maji yanayotiririka na sabuni.

Vifaa. Mashine ya presha inayofanya kazi, mizani, vipimo vya mimba, glovu, pamba, dawa ya kusafishia ngozi, dawa ya ganzi, vifaa vya kuweka kijiti (kile kinachoingizwa chini ya ngozi ya mkono) na vya kukitoa, njia ya kutakasa vyuma kwa mvuke, klorini, sanduku la sindano zilizotumika, mifuko ya njano na myeusi ya taka.

Bidhaa. Kondomu, vidonge vya aina mbili (vya kawaida na vya wanaonyonyesha), sindano ya miezi mitatu, P2, vijiti. Koili, ile inayowekwa ndani ya kizazi, ikiwa una mtu aliyefunzwa.

Vitabu. Daftari la kupanga uzazi la MOH 512, fomu za ripoti ya mwezi za MOH 711, kadi za wateja, chati yenye picha za njia zote, na lile duara la Shirika la Afya Duniani linaloonyesha nani anafaa kutumia njia gani.

Mtu mmoja wa kuwajibika. Huduma isiyo na mwenyewe hufa muuguzi akienda likizo.

## Hatua ya 1: Amua utatoa nini, na uweze kukiondoa

Usianze na kila njia. Anza na zile ambazo mhudumu wako amefunzwa, ameshazifanya chini ya usimamizi, na anaweza kuzitolea huduma hata pale mwenzake asipokuwepo.

Kijiti kinahitaji muuguzi, afisa wa kliniki au daktari aliyefunzwa kuweka na kutoa. Hapa ndipo kliniki nyingi hujiharibia jina. Kuweka kijiti ni kazi ya dakika chache. Kukitoa kilichozama ndani ya nyama ni kazi nyingine kabisa. Mwanamke aliyeambiwa «rudi ulikowekewa» au «subiri mpaka miaka ikwishe» atausimulia mtaa mzima, na ana haki. Kijiti cha Implanon hukaa miaka 3, Jadelle miaka 5, lakini mwenye mkono ndiye anayeamua siku ya kukitoa, hata ikiwa ni mwezi wa pili.

Kemisti inaweza kutoa kondomu, vidonge na P2. Sindano ni kwa mfamasia au mtaalamu wa dawa aliyepata mafunzo hayo rasmi. Ulizia ofisi ya afya ya kaunti ndogo kabla hujashika sindano. Kijiti na koili, hapana. Tafuta kliniki ya karibu mkubaliane, umpeleke mteja na kikaratasi mkononi.

*Tahadhari:* kama hakuna anayeweza kutoa kijiti, usiweke kijiti.

*Utajua umefaulu:* kila njia kwenye orodha yako ina jina la mtu wa kuitoa, jina la mbadala wake, na jina la kituo utakachompeleka mteja mambo yakiwa magumu.

## Hatua ya 2: Jitambulishe kwa kaunti ndogo

Mombasa ina kaunti ndogo sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Nenda kwenye ofisi ya afya ya kwako na nakala za leseni, umuone msimamizi wa afya ya uzazi. Omba vitu vitatu: mafunzo ya wahudumu, madaftari, na utaratibu wa kupata dawa za kupanga uzazi za serikali.

Wenye kliniki binafsi huikwepa ofisi hii wakiogopa ukaguzi. Kumbe ukaguzi utakuja vilevile. Ni mafunzo ya bure ndiyo yatakayokupita.

## Hatua ya 3: Pata bidhaa kwa njia mbili, si moja

Njia ya kwanza ni stoo ya serikali. Dawa hizi hutoka KEMSA, wakala wa serikali wa kusambaza dawa, na kituo binafsi kinachotuma ripoti kinaweza kupewa. Sharti lake ni ripoti: ya mwezi uliopita ifike kabla ya tarehe 5. Asiyeripoti ataambiwa hakuna dawa, na huenda kweli hakuna kwa jina lake.

Njia ya pili ni bidhaa za uuzaji wa kijamii. Hizi si za bure, na si za bei ya kawaida ya duka. Mfadhili amebeba sehemu ya gharama ili bei iwe ndani ya uwezo wa mtu wa kipato cha chini, halafu bidhaa ikapewa jina, paketi ya kuvutia na matangazo kama bidhaa nyingine yoyote. Kondomu za Trust zilijulikana Kenya kwa njia hiyo, na vidonge vya Femiplan vivyo hivyo. Faida kwako ni kwamba mteja analijua jina kabla hajaingia mlangoni.

Kwa nini njia mbili? Stoo ya serikali hukauka. Ikikauka wiki ile ile mteja wako anapotakiwa kurudi, umempoteza, na pengine umemsababishia mimba asiyoitaka.

Weka akiba ya miezi mitatu. Hesabu yake ni nyepesi: chukua matumizi ya mwezi, zidisha kwa tatu, toa kilichomo kabatini, kilichobaki ndicho cha kuagiza. Kliniki inayotumia sindano 40 kwa mwezi na yenye 50 kabatini iagize 70. Zinazoisha muda mapema ziwe mbele. Na joto la Mombasa ulijue: kabati lisipigwe na jua la dirishani, wala dawa zisirundikwe chini ya paa la mabati.

Kuna pia mitandao ya kliniki binafsi, kama Tunza ya PS Kenya na Amua ya Marie Stopes, iliyoundwa kuzipa kliniki ndogo mafunzo, usimamizi wa ubora na nembo moja. Kujiunga na mtandao wa aina hii kunasaidia, ila soma masharti ya bei na ripoti kabla ya kutia sahihi.

*Utajua umefaulu:* mwezi mzima umepita bila mteja hata mmoja kuambiwa «imeisha».

## Hatua ya 4: Tengeneza faragha ya kweli

Mombasa ni mji wa watu kujuana. Mama wa Majengo atapanda matatu mpaka Bamburi ili asionwe na wifi yake. Kwa hiyo usiweke benchi la pekee lenye maandishi «KUPANGA UZAZI». Wote wakae benchi moja, mwenye mtoto wa kikohozi na anayekuja kwa sindano.

Pale mapokezini muulize mteja jina tu, sababu aieleze ndani. Jaribu hivi: mwenzako asimame chumbani azungumze kwa sauti ya kawaida, wewe kaa kwenye benchi. Ukisikia maneno, ukuta wa mbao hautoshi. Washa feni au redio upande wa benchi mpaka utakapojenga.

Kemisti ambayo haina chumba iwe angalau na kona ya kaunta iliyozibwa. Anayeagiza P2 mbele ya vijana wanaosubiri chenji hatauliza swali lolote, na maswali ndiyo unayoyataka.

## Hatua ya 5: Weka bei moja, iandikwe

Mwanamke anayefanya kibarua Jomvu au kuuza mboga Kongowea anahesabu nauli, muda na bei pamoja. Kinachomkimbiza mara nyingi ni kutojua bei. Anaambiwa sindano ni kiasi fulani, akifika anadaiwa kadi, kipimo na «huduma».

Jumlisha kila kitu: bidhaa, glovu, kipimo cha mimba kikihitajika, muda wa muuguzi, sehemu ya kodi. Andika jumla moja kwa kila njia, ibandike ndani ya chumba cha ushauri. Bei ya kijiti ijumuishe na kukitoa, tangu siku ya kwanza. Ndiyo, utaingia hasara kwa wachache watakaokitoa mapema. Lakini mwanamke anayejua kwamba kutoa hakumgharimu haogopi kujaribu, na hapo ndipo faida inaporudi.

*Tahadhari:* bidhaa uliyopewa bure na serikali haiuzwi. Unachotoza ni huduma, na kwenye risiti uandike hivyo.

## Hatua ya 6: Ushauri, ndiyo kazi yenyewe

Ukikosa muda wa kusoma mwongozo wote, soma hatua hii.

Anza na mipango yake. Muulize: unataka mtoto mwingine? Lini? Unanyonyesha? Mumeo anajua? Swali la mwisho ni la kukusaidia kuchagua naye njia inayofaa, si la kumzuia. Mwanamke mtu mzima hahitaji kibali cha mume kupata huduma hii, na muuguzi anayedai sahihi ya mume anajitungia sheria. Mume akija naye, karibisha wote wawili, kisha upate dakika chache na mke peke yake.

Usimrudishe nyumbani kusubiri hedhi. Wengi wanapotelea hapa. Muuguzi anataka kuhakikisha hakuna mimba, anamwambia mama arudi akiwa kwenye siku zake, naye harudi. Uliza maswali haya sita:

1. Ana mtoto wa chini ya miezi 6, anamnyonyesha maziwa yake tu au karibu yote, na hedhi haijarudi?
2. Hajakutana na mwanamume tangu hedhi ya mwisho au tangu kujifungua?
3. Amejifungua katika wiki 4 zilizopita?
4. Hedhi yake ilianza katika siku 7 zilizopita (12 ikiwa anataka koili)?
5. Mimba imetoka katika siku 7 zilizopita?
6. Anatumia njia nyingine ya kuaminika, vizuri na bila kukosa?

Jibu moja la «ndiyo», pasipo dalili za ujauzito, linatosha kumhesabu hana mimba. Kisha angalia kama njia aliyoichagua inamfaa. Majibu yote yakiwa «hapana», tumia kipimo na ufuate mwongozo wa taifa. Mpe kondomu za kutumia kwa wakati huo.

Pima presha, usikisie. Mwenye presha ya 140/90 au zaidi hafai vidonge vya kawaida vyenye homoni mbili. Mwenye miaka 35 na zaidi anayevuta sigara, na mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mwangaza machoni, vilevile. Anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6 apewe aina ya homoni moja. Uliza pia dawa anazotumia: rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya kijiti na vidonge.

Sema habari ya damu kabla haijatoka. Sindano na kijiti hubadilisha hedhi. Miezi ya mwanzo huja matone yasiyo na mpango au siku nyingi za damu; baadaye, hasa kwa sindano, hedhi inaweza kukoma kabisa. Mwanamke ambaye hakuambiwa atafikiri ni ugonjwa, au kwamba damu «inajazana tumboni». Mwambie waziwazi: haijazani, ukuta wa kizazi umekuwa mwembamba na hakuna cha kutoka.

Kwa mteja Mwislamu, na Mombasa utakuwa nao wengi, matone hayo si suala la pedi tu. Ni niswali au nisiswali? Nifunge? Mume anikaribie? Anaweza kuishi na wiki tatu za matone. Asichoweza kuishi nacho ni wiki tatu za kutojua hukumu ya sala yake. Muuguzi asitoe fatwa. Amuulize tu: «Hedhi ikivurugika, itakutatiza katika ibada?» Akijibu ndiyo, mjulishe koili ya shaba, isiyo na homoni, ingawa nayo inaweza kuongeza damu na maumivu ya hedhi miezi ya mwanzo. Akitaka sindano bado, mshauri amuulize mapema ustadha anayemwamini kuhusu hedhi na istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi. Fiqhi ina mlango mzima wa jambo hilo, na akishajua la kufanya, matone hayatamtoa kwenye njia aliyoichagua. Muuguzi aliyejifunza swali hilo moja anabakisha wateja kuliko bango lolote.

Sema ukweli kuhusu kurudi kwa uzazi. Kijiti na koili zikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi mara moja. Sindano ya miezi mitatu huchelewesha: wastani ni kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho hadi kushika mimba. Anayetaka mtoto mwakani aambiwe hilo leo. Akilisikia kwa jirani, litakuwa limeshageuka «sindano inaua kizazi».

Kondomu zitajwe kila mara. Njia nyingine zote hazizuii virusi vya UKIMWI wala magonjwa ya zinaa.

*Kwa kemisti:* P2 ya kawaida inywewe mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Haiharibu kizazi, ila kuitumia kama njia ya kila wiki ni kupanga kwa bahati nasibu. Ukimpa paketi, ongeza swali moja kwa sauti ya chini: «Ungependa kitu cha kukuepusha na hofu hii kila mara?» Basi. Usimhubirie.

*Utajua umefaulu:* mteja, kabla hajatoka, anaweza kukueleza kwa maneno yake ametumia nini, kitamfanya nini, na arudi lini.

## Hatua ya 7: Mrudishe mteja

Andika tarehe ya kurudi kwenye kadi na kwenye daftari lako. Kisha uliza: nikutumie ujumbe? Simu ni yako peke yako? Simu nyingi hushikwa na mume au mama mkwe, kwa hiyo ujumbe uwe mkavu: «Tunakukumbusha miadi yako Jumanne. Karibu.» Sindano isitajwe, wala kupanga. Namba za wateja haziingii kwenye kundi la WhatsApp, kamwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa na chumba kimoja.

Aliyechelewa asigombezwe. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, sindano ya miezi mitatu inaweza kurudiwa hadi wiki 2 kabla ya tarehe au hadi wiki 4 baada yake bila kupima mimba. Muuguzi asiyelijua hilo huwafukuza waliochelewa siku tano.

Mwezi wa Ramadhani panga saa upya. Wengi hawapendi kudungwa sindano mchana wa saumu hata wakiambiwa haifunguzi. Fungua baada ya tarawehe siku mbili tatu kwa wiki, au waite mapema, mwezi wa Shaabani, maadamu tarehe zinaruhusu.

## Hatua ya 8: Sasa tangaza

Tangaza huduma, mahali, saa na bei. Dawa za kuandikiwa na daktari haziruhusiwi kutangazwa kwa umma kwa majina, kwa hiyo bango la «Sindano fulani hapa» litakuletea Bodi. Kondomu zenye nembo ni jambo jingine. Hizo ziweke mbele, zionekane.

Tumia midomo inayoaminiwa. Mhamasishaji wa afya ya jamii anazijua nyumba za mtaa wako moja moja. Somo anayewafunda maharusi, msusi, mpiga hina: hawa wanaulizwa maswali ambayo wewe huulizwi. Waite kliniki, waone chumba, wauguse mfano wa kijiti, waulize watakavyo. Kwa wanaume nenda maskani ya kahawa na stendi za bodaboda na tuktuk, na umtume mwanamume. Redio za hapa kama Radio Rahma, Baraka FM na Pwani FM zina wasikilizaji wao. Kipindi cha maswali na muuguzi kinafanya kazi kuliko tangazo la sekunde thelathini.

Chagua maneno. «Kupunguza watoto» litakufungia milango. «Kupishanisha watoto» litakufungulia. Suratul Baqara aya ya 233 inataja kunyonyesha miaka miwili kamili, na hadithi ya Jabir kuhusu azili (mwanamume kumwaga nje) inajulikana na maimamu. Waachie wao wazisome, wewe zungumza afya ya mama. Njia za kudumu ni mjadala mwingine. Usizichanganye kwenye kikao cha kwanza msikitini.

*Tahadhari kubwa:* usimlipe mhamasishaji kwa idadi ya vijiti. Ukilipa kwa kijiti, kila mwanamke ataambiwa kijiti ndicho bora, na hapo uchaguzi wake umekwisha. Mlipe nauli na muda, mteja achague njia au asichague kabisa.

## Hatua ya 9: Soma daftari lako kila mwezi

Kabla ya kutuma MOH 711, kaa na daftari nusu saa. Tafuta mambo manne: wangapi ni wapya, wangapi waliotakiwa kurudi wamerudi, wangapi walikuja na malalamiko, na vijiti vingapi vimetolewa kabla ya muda.

Wapya wengi na wanaorudi wachache: tatizo liko hatua ya 6 au ya 7, wala usiongeze tangazo. Wapya wachache na wanaorudi wengi: huduma ni nzuri, sasa ongeza fedha kwenye hatua ya 8. Njia moja ikichukua karibu wateja wote, kaa ndani ya chumba cha ushauri kwa ruhusa ya mteja, usikilize. Aghalabu utakuta muuguzi anaisifu ile anayoiweza.

Malalamiko yakiwa sifuri, usifurahi haraka. Wapigie simu watano ambao hawakurudi, wale waliokuruhusu kuwapigia, uwaulize kwa nini. Majibu yao yaandike nyuma ya daftari, na marekebisho ya mwezi unaofuata yaanzie hapo.